Bati la Mayu Lililoongea Mchana Kweupe

Siku ile bado naiona, mwanangu Kabula, kama vile niliifunga kwenye pindo la kanga yangu na kila nikitaka naifungua naitazama. Jua lilikuwa la kuchoma kisogo. Uwanja umejaa watu, na mama mkwe wangu amekaa katikati yao kwenye kigoda, ungo wa choroko mapajani, anachambua taratibu kana kwamba watu wote wale walifunga safari kuja kuona anavyochambua choroko. Kumbe walikuja kuamua kama atalala tena nyumbani kwake au hatalala.

Nitakufikisha hapo. Usinikimbize, mimi siyo bodaboda.

Juzi ulipokuja likizo kutoka shuleni Bariadi, ulikaa jikoni kwangu ukafungua kitabu chako cha fizikia. Kimeandikwa Kiingereza, ukawa unanigeuzia kwa Kiswahili, na mimi nasonga ugali huku nakutazama kwa pembe ya jicho. Nilijaa majivuno mpaka nikasahau kutia chumvi kwenye mlenda, na wewe ukaula kimya kimya, mtoto mwenye adabu. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kusikia damu yangu inasoma mambo ya mata na densiti, na kwamba chuma kikipata joto kinatanuka na kikipoa kinasinyaa, lilikuwa jambo la kunitosha kwa wiki nzima. Ukaniuliza, bibi, unaelewa lakini? Nikacheka. Ukadhani nacheka hicho Kiingereza.

Halafu mkono uleule ulioshika kitabu ukashika simu. Ukanisomea maneno yaliyotumwa kwenye kundi lenu, habari za yule bibi mzee anayekaa ng'ambo ya josho la ng'ombe. Kwamba macho yake ni mekundu, kwamba anaongea peke yake, kwamba ndama wa watu wanakufa na paka wake wananenepa. Mkacheka na ndugu zako. Kidole chako kilikuwa tayari kuyasukuma kwa wengine, nikakwambia, kula kwanza, ugali unapoa. Kama ulituma au hukutuma, sijui, na sitakuuliza. Ila tangu hapo sikukaa vizuri. Ndiyo maana nimechukua kalamu, mwandiko wangu unisamehe.

Nilipoolewa hapa nilitokea Ngulyati. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu walikuwa wengi na wenye afya. Sikutajii idadi, usije ukaringa bure. Nilimkuta babu yako Masunga, kijana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa kama makoleo, na nikamkuta mama yake, Nkwimba, ambaye sisi wote tulimwita Mayu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Watu walinitisha kabla sijaja. Walisema mama mkwe huyo ana ulimi. Kweli alikuwa nao. Siku ya kwanza alionja uji wangu akaniambia, Limi, huu uji au umeniletea maji ya kunawa? Lakini siku hiyohiyo nilipolala alinifunika miguu na kanga yake mwenyewe, na mimi nilikuwa macho nikamwona. Kuanzia hapo akisema neno kali nilikuwa namsikiliza mkono, siyo mdomo.

Nyumba ya Mayu ilikuwa ya nyasi, imechoka. Kila masika ubavu mmoja wa kitanda chake ulilowa, na yeye mlemle ndani alikuwa anakohoa. Mwaka huo pamba ilikubali. Masunga akapakia mkokoteni, na nikwambie, ulikuwa mlima. Ukiwa mbali ulikuwa unaona pamba inatembea yenyewe barabarani, ng'ombe huwaoni. Akaenda nayo Maswa. Aliporudi, kile kimlima hakipo. Kwenye mkokoteni kuna furushi moja la bati, limelala chini, halifiki hata magoti yangu, na boksi la misumari.

Lakini ng'ombe walewale waliobeba mlima bila kulalamika walikuwa wanatoa povu. Magurudumu yalikata ardhi. Majirani walitoka kutazama, maana bati lilikuwa kitu kigeni upande wetu, na mmoja akasema kwa sauti, mzigo wenyewe mdogo hivi, mbona ng'ombe wanakufa? Mwingine akajibu, labda kuna waliokaa juu yake sisi hatuwaoni. Wakacheka. Nami nikacheka, kijana asiyejua.

Jioni nikamuuliza Mayu. Hakunijibu kwa mdomo. Alinipa kibuyu akaniambia nikijaze pamba, nikajaza. Nikakinyanyua kwa vidole. Akaniambia mwaga, jaza mchanga. Nikajaza, nikakinyanyua kwa mikono miwili na uso umekunjamana.

"Kibuyu kimekua?" akaniuliza.

"Hakijakua, Mayu."

"Basi. Kinachokuchosha ni kilichobanana humo ndani. Macho yanaona ukubwa tu. Uzito, uulize mkono."

Hiyo ndiyo densiti yako, mwanangu. Nilifundishwa jikoni na kibuyu, na sikupewa hata cheti. Ila Mayu alifanya kosa moja, alinifundisha mimi peke yangu. Wale majirani aliwaacha waondoke na maneno yao, akidhani yataishia njiani. Hayakuishia njiani.

Nyumba ikaezuliwa nyasi, ikapigwa bati. Ilimeta mpaka ukiwa kule malishoni unaiona. Mayu alizunguka nyumba yake akizigusa kuta kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Hakusema asante. Alimwambia Masunga, umeniharibia, sasa nitazoea raha. Mwanaye alielewa, akafurahi siku nzima.

Jioni ile tulikaa nje tunakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na karanga. Jua likazama, upepo wa baridi ukaanza. Ghafla juu ya paa, ta. Tukatazamana. Kidogo tena, ta, halafu ta-ta, kama mtu mwenye visigino vigumu anatembea kwa kujificha. Masunga akachukua ngazi akapanda, akidhani ni kenge. Hakuna kenge, hakuna paka, hakuna kitu. Akashuka na uso wa mtu anayetaka kusema ni upepo lakini haamini mwenyewe. Asubuhi jua lilipopiga bati, sauti zikaanza tena. Ta. Ta-ta.

Ukiishi chini ya bati tangu utoto huwezi kuelewa hofu ile. Nyumba ya nyasi haisemi. Ina panya, ina nyoka, lakini haitembewi juu. Sisi hakuna aliyekuwa amewahi kulala chini ya chuma.

Maneno yakafika lamboni kabla ya ndoo zetu. Kwamba Nkwimba ana wageni wake wanatembea juu ya paa, jua likizama wanakwenda, jua likichomoza wanarudi. Kwamba ndio wale waliolemeza ng'ombe siku ya bati. Unaona? Lile la mkokoteni lililochekewa likaokotwa likaungwa na hili. Halafu jirani yetu Luhende, mtu mzima, mchapakazi, akafiwa na mitamba yake, mmoja baada ya mwingine, walewale aliowatunza kwa ajili ya mahari ya mwanaye. Sasa maneno yakapata mzoga wa kukalia. Na Mayu alikuwa na macho mekundu.

Wakati ule, mwanangu, bibi mwenye macho mekundu akishatajwa, watu walianza kumtazama kama mtu ambaye hayupo. Na kilichofuata baadaye kilifanywa na watu ambao hakuna aliyekubali kuwajua. Sitakwenda mbali zaidi ya hapo. Unajua, na kama hujui, mshukuru Mungu.

Asubuhi moja tulikwenda lamboni mimi na yeye. Aliwakuta wanawake aliowazalisha baadhi yao kwa mikono yake. Akawasalimia, mwangaluka. Kimya. Maji tu yanasikika kwenye ndoo. Mayu akangoja kidogo, kisha akajiitikia mwenyewe, mwangaluka Nkwimba, akajitwika ndoo yake tukarudi. Mimi nilikuwa nyuma yake natazama shingo ile nyembamba chini ya ndoo, wala maji hayakumwagika.

Siku hiyo ikaja habari kwamba nzengo itakaa, yaani majirani wote watakutana kwenye uwanja wetu wenyewe, na shauri ni Mayu. Masunga akachukua nyundo na ngazi bila kumwambia mtu. Tulishtuka tunasikia msumari unalia. Anang'oa bati. Anataka kurudisha nyasi ili watu wanyamaze.

Mayu akasimama chini ya ngazi.

"Shuka, mwanangu. Ukilitoa hilo bati leo, umewaambia walisema kweli."

Masunga akabaki juu kule, nyundo mkononi. Akasema atafanyaje sasa, akae angoje wamchukue mama yake? Mayu akamwambia arudishe kwanza huo msumari, mvua haina shauri na nzengo.

Mimi nikaenda kulia jikoni. Nilikuwa nimeshafunga na kifurushi, nataka nimtoroshe nimpeleke kwetu Ngulyati kwa baba yangu. Mayu akanifuata. Nilitegemea atanikumbatia. Alinikaripia, na karipio hilo ndilo nililobaki nalo maisha yangu yote.

"Limi, unalia kwa kitu ambacho hujakigusa. Tangu sauti ianze, nani kati yenu ameweka mkono kwenye bati? Mmepeleka masikio tu. Panda ngazi, kaguse. Jua likiwa juu gusa, likizama gusa. Halafu njoo ulie ukiwa unajua unalilia nini."

Nikapanda. Mchana niligusa nikarudisha mkono upesi, bati lilikuwa la kukaangia karanga. Jioni nikapanda tena, jua linazama. Nikaweka kiganja. Lilikuwa linapoa chini ya mkono wangu, na wakati linapoa, nikasikia ta, na kiganja changu kikaruka. Siyo kwamba nilisikia mtu. Nilisikia bati lenyewe. Lilijivuta, kama ngozi ya ng'ombe inapotikisika kufukuza nzi. Likajivuta tena, ta, pale kwenye msumari. Nikashuka nikimwita.

Mayu hakushangaa. Alikuwa ameshafikiria yake. Akanipeleka kwenye waya wa kuanikia nguo, ule mrefu wa kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye nguzo ya zizi. Akaniambia, utazame sasa. Ulikuwa umekaza, ukiupiga kwa kidole unaimba. Akaniambia, kesho jua la utosi uutazame tena. Kesho yake mchana waya uleule, bila hata kitambaa juu yake, ulikuwa umelegea umeshuka katikati kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Jioni ukapanda wenyewe. Yeye alikuwa ameshaona siku nyingi, maana mchana pindo za kanga zake zilikuwa zinafika karibu na vumbi na asubuhi hazifiki. Alikuwa anaona na anapita, kama unavyopita kitu cha kila siku. Sasa akarudi akakiangalia.

"Chuma kinanyooka kikiota jua," akasema, "na kikisikia baridi kinajikunja. Waya hauna wa kuuzuia, unashuka na kupanda kimya. Bati limepigiliwa. Likitaka kujivuta msumari unalishika. Linalalamika, basi."

Akanikumbusha na chungu. Chungu kilichotoka motoni ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka, kwa sababu nje kinataka kurudi na ndani bado kimevimba, havielewani. Mama yake alikuwa mfinyanzi, alijua hilo tangu anatambaa.

Nikasema, Mayu, basi twende tukawaambie. Akanitazama kama vile nimempa ule uji wangu wa siku ya kwanza. Akasema, mtu mwenye hofu humwambii. Anasikia sauti yako, hasikii maneno yako. Lazima wakae wasikie wenyewe, na mimi niwe mbele ya macho yao.

Basi ndiyo tumefika ile siku niliyoanza nayo.

Walikuja jua likiwa limepanda. Wazee wamekaa mbele kwenye magogo, mwenyekiti wa nzengo katikati, wanawake pembeni, vijana nyuma wamesimama. Wengine walikuwa na fimbo, na wengine walikuwa na zaidi ya fimbo. Masunga nilimwona amesimama karibu na mlango wa mama yake, mikono ile mikubwa haina pa kukaa.

Luhende alisimama akaeleza. Nisimchafue, hakuwa mtu mbaya. Alisema hamchukii Nkwimba, wamekaa jirani miaka mingi, lakini mitamba yake imekufa na paa linatembewa, na watoto wake wanaogopa kutoka kukojoa. Akaomba Nkwimba aende kwa kaka zake Lalago, akae huko, ili kila mtu apumzike. Watu wakaguna kukubali. Lalago siyo mbali, lakini sote tulijua kwamba bibi aliyefukuzwa kwa jambo hilo, jina linamtangulia kule aendako, na kule nako kuna vijana wa kusimama nyuma.

Mwenyekiti akamwuliza Mayu ana lipi la kusema. Mayu akapepeta choroko zake kidogo.

"Mmekuja kwa ajili ya wanaotembea juu ya paa langu. Kaeni basi mpaka muwasikie. Mimi niko hapa. Miguu yangu mnaiona."

Wakakaa. Jua likaendelea kuchoma. Uwanja mzima kimya, choroko tu zinalia kwenye ungo, chwa, chwa. Mayu alikuwa na beseni la maji pembeni yake, anatupia humo choroko za mbegu. Zile nzima zinazama moja kwa moja. Zile zilizoliwa na wadudu ndani zinaelea juu zinazunguka, anaziokota anazirushia kuku. Ukizitazama kwenye ungo zote ni sawa, kijani, mviringo. Mpaka maji yaziulize.

Kukaja wingu. Wakati wa vuli mawingu yanatembea kama ng'ombe wasio na mchungaji, unajua. Kivuli kikatokea upande wa malisho, kikavuka zizi, kikapanda juu ya nyumba, na kaubaridi kakatupita. Na paa, ta.

Vichwa vyote vikainuka.

Ta. Ta-ta. Ta.

Juu hakuna mtu. Kila mmoja anaona hakuna mtu, mchana kweupe, hata ndege hakuna. Na Mayu amekaa palepale, hajainua hata uso. Alisema tu, bila kumtazama yeyote, huyo anayetembea sasa ni nani, na mimi niko nanyi?

Sauti ya kijana mmoja huko nyuma ikasema, amewatuma. Lakini Mayu ni kama alikuwa akimngoja huyo huyo. Akamwomba Luhende atume mtu nyumbani kwake akalete ndoo ya maji. Siyo maji ya hapa, akasema, msije mkasema nimeyatia kitu. Maji ya kwako, yaliyochotwa na mkeo, kwenye ndoo yako. Luhende akasita, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba sawa. Ndoo ikaletwa. Wingu lilikuwa limeshapita, jua limerudi, bati limewaka tena.

"Haya Luhende, umwagie bati langu, kwa mkono wako."

Luhende akapanda kwenye gogo akayarusha yale maji. Mwanangu, hukuwahi kusikia. Paa lilipiga kelele kama bisi kwenye sufuria, ta-ta-ta-ta kutoka upande huu mpaka upande ule, na mvuke ukapanda. Kuku wakakimbia. Vijana waliokuwa nyuma wakarudi nyuma zaidi. Luhende alibaki juu ya gogo na ndoo tupu mkononi.

Mayu akaweka ungo wake chini.

"Sasa hao umewatuma wewe," akamwambia. "Nikushtaki kwa nani?"

Halafu mzee mmoja mbele, ambaye meno yalikuwa yameshamuaga, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili. Mwenzake akafuata. Kicheko kikaenda mpaka kwa wanawake, na nikaona bega la Masunga linashuka.

Mwenyekiti akataka aelezwe vizuri, na hapo ndipo Mayu alipoeleza, kwa sababu sasa masikio yalikuwa yamefunguka. Akawapeleka kwenye waya, umelegea, akasema njooni jioni muuone. Akataja chungu. Akawaambia hata habari ya mkokoteni, akanituma kibuyu, nikakijaza pamba kisha mchanga mbele ya nzengo nzima, nikakipitisha kwa wazee wakinyanyue. Mikono ile migumu ya wakulima ilikuwa inaelewa upesi kuliko masikio yao. Luhende alinyanyua, akakirudisha, akakinyanyua tena. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, sasa mitamba yangu?

Mayu akamjibu vizuri sana, bila kumcheka. Akasema, hilo silijui, pole sana kwa mitamba yako. Wale walipokufa walikuwa wamelishwa wapi, wamelamba nini? Kaulize huko. Msimu uliofuata Luhende alikuja mwenyewe kutuambia kwamba walikuwa wanalamba ndoo ya dawa ya pamba iliyosahauliwa shambani.

Wakaanza kuondoka. Luhende akawa wa mwisho. Akafika mbele ya kigoda, akavua kofia, akasema mwadila, mayu. Ile salamu ya mchana. Mayu hakuitikia upesi. Alimwacha asimame pale kidogo, asikie kimya kinavyokuwa. Kisha akaitikia, mwadila mwanangu, na akamfungia choroko kwenye kitambaa apeleke kwa mkewe. Zile zilizozama.

Jioni nilipomletea maji ya kuoga nilimkuta bado amekaa kwenye kigoda chake. Nikamwambia, Mayu, ulijuaje wingu litakuja? Akasema, sikujua. Ningekuwa naweza kuita wingu, basi wale watu wangekuwa wamesema kweli.

Miaka ikapita, Luhende naye akapata bati. Jioni ya kwanza alikuja kumchukua Mayu kwa mkono, akakae nao uani mpaka jua lizame, ili mkewe asiogope likianza kuongea. Mayu alirudi ameshiba na anasinzia. Akaniambia bati la Luhende lina mdomo kuliko la kwake.

Sasa, mwanangu Kabula, niseme wazi nilichokuwa nataka kusema.

Soma hicho kitabu. Kisome mpaka kichakae. Kama kijiji chetu kingekuwa na mtoto mmoja wa kutusomea ule ukurasa wako wa chuma na joto, Mayu asingejiitikia salamu mwenyewe kule lamboni. Lakini usikisome ukakiacha darasani kama sare. Uliponisomea kwamba vitu vinatanuka, na dakika ileile ukanisomea kwamba bibi wa ng'ambo ya josho ni mchawi kwa sababu ya macho yake, niliona kitabu na simu vimekaa mikono miwili ya mtu mmoja na havijuani.

Neno likikufikia, usiangalie limejaza watu wangapi midomo. Ule mlima wa pamba ulijaza barabara. Linyanyue, uone lina nini ndani. Litie kwenye maji. Na kabla kidole chako hakijalisukuma kwa mwingine, mkono wako uwe umegusa bati. Kama hujagusa, nyamaza, hakuna atakayekufa kwa kunyamaza kwako. Kwa kusema kwako, anaweza.

Na uyaangalie macho yangu ukija. Hujawahi kuyaangalia, kwa sababu ni ya bibi yako, unaona upendo tu. Ni mekundu, mwanangu. Yamekuwa mekundu kwa moshi wa miti ya pamba niliyowapikia baba yako, na shangazi zako, na wewe. Mayu alikuwa nayo. Yule bibi wa ng'ambo ya josho anayo kwa sababu hiyohiyo, na anaongea peke yake kwa sababu hakuna anayemwitikia.

Jumamosi ukija tutakwenda kwake, mimi na wewe. Michembe, vile viazi vikavu, nimeshaitenga na karanga zipo. Utatangulia wewe kumsalimia, kwa sauti, watu wa njiani wasikie.

Mungu akupe akili inayofanya kazi hata nje ya darasa. Akupe mkono usioogopa kugusa na mdomo usio na haraka. Akupe mume mwenye mikono mikubwa na mama mkwe mwenye ulimi na kanga ya kukufunika miguu. Ulale chini ya paa lisilovuja, liongee litakavyo. Na siku macho yako yatakapokuwa mekundu kama yangu, ukifika mahali ukasalimia, uitikiwe.